Kidole Gumba cha Mwakatundu

"Parachichi haliivi mtini." Mmelisikia neno hili leo mkacheka, kisha mkauliza limetoka wapi. Basi lilianzia huku huku Rungwe, nyumbani kwa Mwakatundu, na aliyelisema ni mkewe, Atuganile, siku uvumilivu ulipomwishia.

Mwakatundu alikuwa na miparachichi kumi na miwili nyuma ya nyumba, ndiyo kwanza inazaa. Maisha yake yote alilima migomba, na ndizi ukiichelewesha itaivia hapo hapo mgombani. Akaamini parachichi nalo ni hivyo hivyo. Kila asubuhi alipita mti hadi mti akibonyeza matunda kwa kidole gumba. "Bado magumu," husema, kisha hurudi kunywa chai. Mnunuzi alikuja mara mbili na matenga yake, akarudi nayo matupu. Atuganile alimweleza mumewe kwa upole, akamweleza kwa sauti, mwisho akaosha vyombo kwa kishindo mpaka sahani ikapasuka. Wapi! Sikio la kufa halisikii dawa.

Hayo angeyameza. Lililomkaa kooni lilikuwa jambo la Tusekile, binti yao wa miaka ishirini na minne. Shangazi yake wa Isongole alifariki bila mtoto, akamwachia shamba lake. Wazee wa ukoo walituma ujumbe: asipofika Jumapili kulishika, watampa mwingine. Tusekile alifunga mzigo mara mbili, na mara mbili baba yake akaufungua.

"Huyu bado hajaiva," alisema. "Shamba si mchezo. Akomae kwanza."

Akomalie wapi, Atuganile alijiuliza, kwenye kigoda cha jikoni kwangu? Binti huyo ndiye aliyelima, akapalilia na kuvuna shamba lote baba yake alipovunjika mguu. Hilo mzee alikwisha kulisahau.

Ijumaa maparachichi yakaanza kuanguka yenyewe. Walipoyapasua, nyama ilikuwa nyeusi na mbegu zilikwisha kuota mizizi ndani. Mwakatundu akatikisa kichwa, akalaumu udongo. Atuganile alikuwa na hasira kiasi cha kutotaka kuzipoteza kwa maneno.

Jumamosi mchana alimwandalia mumewe ndizi za kuchemsha, na pembeni parachichi moja lililokatwa katikati, laini, la manjano safi. Mzee alikula nusu, akalamba kidole, akavuta nusu ya pili.

"Mama Tusekile, hili umelinunua kwa nani? Huyo ndiye mkulima!"

"Ni la kwako, Baba Tusekile. La mti ule wa karibu na choo."

"Haiwezekani. Nililibonyeza mwenyewe Jumatatu, gumu kama jiwe."

"Ulipogeuka nikalichuma. Nikalifunika kapuni kwa majani makavu ya mgomba."

"Ukalifanya nini likaiva?"

"Sikulifanya kitu!" Atuganile alipiga meza, chai ikamwagika. "Lilikwisha kukomaa zamani. Lilichokosa ni kuachiwa. Parachichi haliivi mtini, mume wangu! Utabonyeza mpaka lioze, nawe utasema bado!"

Mwakatundu alitazama ganda mkononi mwake, kisha akamtazama Tusekile aliyesimama mlangoni, mzigo wake miguuni, umefungwa kwa mara ya tatu.

Alinyanyuka, akauchukua mzigo ule, akaubeba yeye mwenyewe mpaka barabarani. Huko ndiko ulimi ulikomrudia.

"Mwanangu, usipande kabla mvua haijatulia. Na jembe la shangazi yako lina mpini mbovu. Na majirani wa upande wa mtoni usiwape… au labda nije nawe wiki ya kwanza, nikuangalie…"

"Baba Tusekile," Atuganile alisema, "ondoa kidole."

Mzee akamkabidhi binti mzigo, akatia mkono mfukoni. Tusekile akainama kumuaga, akaondoka, na Jumapili asubuhi wazee wa Isongole wakamkuta tayari yuko shambani, anapalilia.

Parachichi haliivi mtini.