Gari la Kalicha Lapata Usukani Mwepesi

Wazee husema mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Hata kisu kiwe kikali kama wembe, hata mchinjaji awe na nguvu za simba, lazima awepo mtu wa kushika pembe na mwingine wa kukamata miguu. La sivyo ng'ombe atainuka aende zake, na mchinjaji abaki na kisu chake na aibu yake. Isiolo nzima inaijua methali hii. Kalicha naye aliijua vizuri sana, maana alikuwa dereva wa kituo cha mifugo na ng'ombe walichinjwa mbele ya macho yake kila wiki. Lakini weee! Kumbe kuijua hakutoshi. Ilibidi afundishwe upya, na mwalimu wake, amini usiamini, alikuwa gari.

Na lilikuwa gari, si mchezo! Mwaka wa 1969, daktari mmoja Mzungu wa mifugo alirudi kwao na kumwachia Kalicha gari lake la mbio kwa bei ya mafahali wawili. Lilikuwa jekundu kama pilipili, pua ndefu, viti viwili tu, na paa la turubai la kukunja. Watoto wa Kiwanjani, mtaa aliokaa Kalicha, waliliita Farda, yaani farasi kwa Kiborana. Kalicha na rafiki yake Lotukoi, fundi Mturkana mwenye viganja vipana kama sepetu, waliliinua kwa springi za pikapu na kulivisha matairi mapana ili lipite mchangani bila kuzama. Ndipo mwaka wa 1972 Farda likaenda mpaka kijiji cha Biliqo, kaskazini, na kurudi na bibi harusi. Kabale alikaa kando ya mumewe Kalicha, mtandio unapepea, vumbi limewapaka wote wawili rangi moja. Kuna wanawake wa mtaa ule wanaoapa mpaka leo kwamba hawajaona arusi kama ile.

Furaha haikosi jicho baya. Siku moja mwaka wa 1980, Kalicha akiwa chini ya gari, jeki iliteleza na Farda likamwangukia begani. Alipona, lakini mkono wa kulia ulibaki kama kamba iliyolowa. Ulishika, haukuvuta. Na usukani wa Farda, kwa yale matairi mapana, ulitaka mtu wa kuvuta! Kukata kona kulikuwa kama kutoa maji kisimani kwa ndoo ya chuma. Mkono wa kushoto ungesaidia, lakini huo ndio wa gia. Basi gari likaegeshwa chini ya kibanda cha bati, na Kalicha akamtupia Lotukoi lawama zote.

"Jeki ni yako!" alifoka. "Wewe ndiye umeniua mkono!"

Lotukoi alikusanya spana zake moja moja, akaondoka. Watu waliokuwa chanda na pete wakawa wanapishana sokoni kama hawajuani, mmoja anatazama vitunguu, mwingine anatazama mawingu. Miaka sita!

Kila siku baada ya swala ya alasiri Kalicha aliingia kwenye Farda, akashika usukani na kufumba macho. Alipita njia yote kwa moyo: mchanga ule pale, lile korongo, ule mti wa mgunga uliopinda, kisha moshi wa manyatta za Biliqo. Chai ikiletwa, inapoa. Akiulizwa jambo, anajibu "mm." Mwaka wa 1985 Kabale alikuja akasimama mbele ya taa za gari, mikono kiunoni.

"Aba Elema," alisema, maana mtoto wao, aliyekuwa shule ya bweni, aliitwa Elema, "mimi nimeolewa na mtu ama na hili bati? Nimechoka kuwa mjane wa mtu aliye hai."

Kesho yake alipanda lori la kwenda Merti linalopita Biliqo, akarudi huko kwa baba yake, Mzee Gollo.

Hapo sasa ndipo Kalicha alijua kukosa ni nini. Zamani alitamani usukani tu. Sasa alipofumba macho na kuipita ile njia, mwisho wa njia alikuwa amesimama Kabale, na kila akikaribia, macho yanafunguka yenyewe. Alipika uji ukaungua. Alilala upande mmoja wa kitanda kana kwamba upande wa pili una mtu. Watu walimwambia apande lori amfuate mkewe, naye aliwajibu kwa kiburi, "Nilimtoa kwao kwa Farda. Leo nimfuate juu ya lori, nimebanwa na mbuzi?"

Basi mwaka wa 1986 habari ikaingia mjini. Benzi ya tajiri mmoja iligonga twiga! Tajiri alitoka mzima, twiga akaenda zake akichechemea, Benzi ikaishia kwa Hersi, Msomali aliyeuza vyuma vikuukuu. Hersi alimwita Kalicha mara moja.

"Warya, we bwana, njoo uone! Usukani wa hii ulikuwa unazungushwa kwa kidole kimoja. Injini inasukuma pampu, pampu inasukuma oili, oili inasukuma magurudumu. Dereva anaonyesha njia tu, kama sultani!"

Kalicha aligusa ile pampu kama mtu anayegusa paji la uso la mtoto mgonjwa. Kidole kimoja! Mkono wake wa kulia ulikuwa na vidole vitano. Aliichukua pampu, boksi la usukani na mipira yake ya oili, akaenda navyo nyumbani.

Miezi mitatu alifanya kazi peke yake. Alishika spana kwa mkono wa kushoto na boliti kwa meno. Pampu aliining'iniza kwa kamba ya kufungia ngamia ili isianguke akiifunga. Alikata, akapima, akakosea, akakata tena. Ukanda wa injini ulipinda mara nne kabla haujakaa sawa na puli ya pampu. Na kweli, mtu mmoja mwenye mkono mmoja na nusu alimaliza kufunga usukani wa Benzi kwenye gari la mbio! Mji ulishangaa, usimnyime sifa zake.

Akamwaga oili, akawasha. Lo! Pampu ililia kama ngamia anayepakiwa mzigo asioutaka. Usukani uliruka kushoto, ukakwama, ukaruka tena. Alipofungua kifuniko, oili ilikuwa na povu jeupe kama maziwa yaliyotoka kukamuliwa. Hewa ilikuwa imeingia ndani ya mipira.

Na hewa hiyo hutolewa kwa njia moja tu. Unainua magurudumu ya mbele, mtu anakaa ndani kuzungusha usukani polepole toka mwisho huu hadi mwisho ule, na wakati huo huo mwingine amesimama mbele anamimina oili na kuangalia mapovu. Ukiacha kuzungusha ukamimine, au oili ikipungua wewe bado unazungusha, hewa inarudi upya. Kalicha alikimbia kati ya kiti na boneti kama kuku aliyekatwa kichwa. Mara ya kwanza, povu. Mara ya pili, povu. Mara ya tatu oili ilifoka ikamlowesha toka kifuani hadi magotini.

Hersi, aliyekuwa akitazama akiwa na kikombe cha chai, alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Walahi hii ni kazi ya watu wawili. Nenda kwa Lotukoi."

"Afadhali nile hili gari."

"Haya kula, anza na tairi. Lakini pampu ikilia hivyo siku mbili tena itakufa. Na Benzi nyingine itagonga twiga lini?"

Juu ya hayo, dereva wa lori la Merti alileta habari kwamba mawingu yamejaa kaskazini. Mvua ikishuka, njia ya Biliqo inafungwa, na Mzee Gollo atahama na mifugo yake pamoja na binti yake kwenda malisho ya mbali ambako hata lori halifiki. Kalicha alisikia hayo, akakaa chini karibu na tairi. Kabale angekwenda mahali ambapo hata akifumba macho asingejua njia ya kumfikia.

Ijumaa, baada ya swala, alitembea hadi kwa Lotukoi. Alikuta miguu miwili imetokeza chini ya lori.

"Habari, Lotukoi."

Spana ilinyamaza. "Nani huyo?"

"Unanijua."

"Viatu navijua. Sauti nimeisahau."

"Pampu inalia."

"Tunaisikia. Mke wangu alidhani umenunua punda."

"Nina hewa kwenye oili."

"Na una nini tena?"

Mbuzi alipita katikati yao, akanusa viatu vya Kalicha, akaenda. Ilikuwa rahisi kugeuka na kumfuata yule mbuzi. Lakini Kalicha alibaki.

"Siku ile uliniambia niweke mawe chini ya ekseli," alisema. "Mimi nikakataa. Nilisema nina haraka. Jeki haikuwa na kosa. Wewe hukuwa na kosa. Nilijua siku ile, na nimejua kila siku."

Lotukoi alijivuta nje, akakaa, akafuta mikono kwa kitambaa kwa muda mrefu sana.

"Miaka sita, Kalicha. Nilikuwa nangoja hayo maneno tu."

"Ndiyo nimeyaleta."

"Umeyaleta kwa miguu, ndiyo maana yamechelewa." Alisimama akachukua kopo la oili. "Twende kabla hujaua pampu ya watu."

Saa ile ile waliinua Farda, na safari hii mawe yalipangwa chini bila mtu kuambiwa. Kalicha akaingia ndani. Lotukoi akainama mbele.

"Kushoto. Polepole! Unakimbizwa na nani?"

"Kuna mapovu?"

"Yamejaa. Rudi kulia. Endelea, mimi ninamimina. Kushoto tena."

Mara ya kumi, kelele ikapungua. Mara ya ishirini, pampu ikanong'ona. Kisha ikatulia kabisa, na Lotukoi akainua kichwa.

"Sasa tumia mkono ule."

Kalicha aliweka mkono wa kulia juu ya usukani. Ule mkono uliokuwa hauwezi kuinua birika uligeuza magurudumu ya Farda kama mtu anayekoroga uji. Aligeuza kulia. Akageuza kushoto. Alicheka, halafu alilia, halafu hakujua anafanya lipi.

"Kesho Biliqo," alisema.

"Na nani atakusemea?" Lotukoi aliuliza. Kwa maana mke akirudi kwa baba yake, mume hamfuati peke yake. Huenda na mtu wa kumwombea, na yeye mwenyewe hukaa kimya ainamishe macho.

"Gari lina viti viwili tu."

"Basi kwenda nitakaa mimi. Kurudi atakaa Mama Elema. Mimi nitakuja na lori."

Waliondoka alfajiri wakiwa na kahawa na tumbaku za wakwe. Kila kona Kalicha aliipita kwa mkono wa kulia, na Lotukoi akajifanya hatazami. Jua lilipoanza kushuka waliingia Biliqo, wekundu kwa vumbi.

Mzee Gollo alipokea kahawa, akanusa tumbaku, akauliza, "Huyu mtu alikuwa wapi mwaka mzima?"

"Mzee," alisema Lotukoi, "kichwa chake kilikuwa kigumu kuliko usukani wake wa zamani. Lakini tumemtoa hewa, sasa anageuka."

Nyuma ya mikeka ya nyumba kulisikika kicheko kilichozibwa kwa kiganja. Kalicha alikijua kicheko kile kuliko jina lake. Kabale akatoka, mdomo bado unapigana na tabasamu.

"Aba Elema, umeletwa na gari lako?"

Kalicha aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Nimeletwa na Lotukoi."

Kabale alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Kisha akaenda kufunga vitu vyake.

Kalicha na Kabale walirudi Isiolo kesho yake, wakamwacha Lotukoi akingoja lori, na nyuma yao mvua ikashuka. Njia ikafungwa! Siku ya kwanza lori halikuja. Siku ya pili halikuja. Nyumba ya Kalicha ilikuwa imejaa tena sauti na harufu ya chai ya maziwa, lakini yeye hakutulia. Kila mchana alipeleka Farda pale malori ya Merti yanaposimama, akangoja akitazama kaskazini, na Kabale hakumlaumu hata kidogo. Siku ya tano lori likatokea, limevaa matope hadi kioo, na juu yake, katikati ya mbuzi, alikuwa Lotukoi, hatambuliki ila kwa viganja.

Alishuka akichechemea, akakung'uta suruali, akaelekea mlango wa abiria wa Farda. Alikuta Kalicha amekwisha kukaa pale. Mtu aliyeutamani ule usukani kwa miaka sita alikuwa amenyoosha mkono wa kulia, na kiganjani mlikuwa na ufunguo.

"Endesha wewe," alisema.

Na Lotukoi akaendesha. Kweli, mkono mmoja hauchinji ng'ombe.