Gesi ya Bustanini kwa Sultani

Palikuwa na Sultani mmoja, Badrudini wa Jiwembali, aliyesikia kwamba nchi ya jirani wanapikia gesi, hewa ile iwakayo iliyofungwa ndani ya mawe chini ya ardhi. Akaitaka na yeye. Upesi.

"Popote mnajimu wangu atakapotabiri gesi, patachimbwa," akatangaza barazani. "Mwenye ardhi ahame, na asinililie."

Mnajimu huyo, Mzee Dahalani, akapiga bao lake, akataja shamba la mfinyanzi. Likachimbwa. Mawe makavu! Akataja shamba la mjane. Mawe makavu! Mashamba saba yakaharibiwa, na gesi ya kuwashia hata kibatari haikupatikana. Yote saba yalikuwa ya maskini. Gesi ya Dahalani ilikuwa na adabu mno, haikuthubutu kukaa kwa wakubwa.

La nane likawa shamba la Mwanatumu, mwanamke mchonga vinoo vya kunolea visu, aliyepasua mawe ya mchanga miaka thelathini. Hakulia. Alibeba jiwe na kata ya maji, akaenda barazani, akayamwaga maji juu ya jiwe. Yakatulia pale juu kama yamo sahanini.

"Nini hiki?" Sultani akauliza.

"Jiwe la shambani kwangu, Maulana. Maji hayapati pa kuingia. Gesi ingekaa wapi?"

Dahalani akacheka. "Mchonga vinoo anatufundisha elimu!"

"Elimu yako imechimba mashimo saba, mzee. Umepata nini?"

"Uzoefu."

Wazee wa baraza wakaziba midomo kwa vilemba.

Sultani akakasirika. "Haya, hodari wewe! Sema gesi iko wapi. Ukikosea, nakukata kichwa."

"Mawe ya nchi hii yamebanana, Maulana. Gesi hupanda kutoka chini sana, ikajikusanya pale tu mwamba ulipopasuka, penye nyufa za kuipokea. Na juu pawe na udongo mzito wa kuizuia isitoroke. Kwingine kote ni kuchosha sururu."

"Na mahali hapo unapajua?"

"Napajua. Udongo wake ni mfinyanzi mtupu. Mwamba wa chini una nyufa, nimeuona kwa macho yangu nilipochonga ngazi pale. Na pana kidimbwi kilichotoboa udongo huo, kinachotoa mapovu usiku na mchana."

Sultani akaruka kitini. "Pa nani hapo? Ahame leo hii!"

"Pako, Maulana. Ni bustani yako. Kidimbwi ni kile cha samaki wako."

Wakaenda wote, wachimbaji nyuma na sururu zao. Mwanatumu akaomba kijinga cha moto, akakisogeza kwenye mapovu. Puu! Moto wa buluu ukacheza juu ya maji. Dahalani, aliyeinama kuchungulia, akanuka ndevu zilizoungua.

Wachimbaji wakamtazama Sultani. Sultani akayatazama mawaridi yake, mikomamanga yake, baraza lake la marumaru. Akamvuta Mwanatumu pembeni.

"Hebu angalia tena, bibi. Huenda gesi hii ikasogea kidogo, ikaenda shambani kwako."

"Maulana, mawe haya yameibana tangu dunia iumbwe, haijaweza kusogea pembeni hata shibiri moja. Leo ihame kwa kuogopa kilemba chako?"