Bi Kanga na Askari wa Kichwani

Paukwa!

Pakawa!

Nipeni masikio.

Chukua, lakini usiyachoshe.

Hapo kale, kale sana, aliishi Bi Kanga. Ndege kanga, si ndugu yake kororo: kororo ana shungi, kanga ana kipembe.

Mama yake aliliwa na Chui. Tangu siku hiyo ubongo wa Bi Kanga ukaajiri askari. Askari huyo hakujua kusoma sura. Alijua jambo moja tu: madoa. Akiona madoa hupiga filimbi, na miguu ya Bi Kanga hukimbia kabla macho hayajaulizwa.

Kiangazi kimoja Bi Kanga alitaga mayai kumi na mawili. Maji yalikuwa mbali, na kiota hakiachwi bila mlinzi. Akakaa na kiu.

Siku ya kwanza akaja Pongo, mla majani, mwenye madoa meupe ubavuni.

"Hodi, Bi Kanga. Nenda kanywe, nitakulindia mayai."

Filimbi ikalia. "Chui! Chui!" Bi Kanga akapuruka hadi kichakani.

Pongo akageuka nyuma kumtafuta huyo Chui. Hakumwona. Akaenda zake.

Siku ya pili Pongo akarudi, ametanguliza pembe.

"Tazama, Bi Kanga. Chui ana pembe?"

"Una madoa."

"Hata wewe una madoa."

"Yangu nimezaliwa nayo."

"Na mimi yangu niliyaokota?"

Bi Kanga akapiga kelele. Pongo akaondoka.

Siku ya tatu koo la Bi Kanga lilikauka kama kigae. Akaja Nguchiro, kahawia mtupu, hana doa hata moja.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Siku hizi unakula nini?"

"Ninachojaliwa, shangazi."

Askari alikuwa amelala. Bi Kanga akaenda kunywa.

Aliporudi alikuta maganda ya mayai kumi na moja. Yai la mwisho lilikuwa kati ya miguu ya Pongo, na Nguchiro alikuwa mbali, akichechemea.

"Nilisikia yakipasuka," alisema Pongo. "Nimechelewa. Pole sana, Bi Kanga." Akalia.

Filimbi ikapigwa. Ndiyo, hata wakati huo. Askari yule hakuwa na haya. Miguu ikataka kukimbia. Bi Kanga akaibana chini.

"Nimekusikia," akamwambia askari wake. "Sasa nyamaza, macho yatazame."

Macho yakatazama. Yakaona pembe. Yakaona kwato. Yakaona mtu anayelia msiba usio wake.

Kesho yake kiu ikarudi.

"Nilindie," Bi Kanga akamwambia Pongo.

Akaenda mtoni, filimbi ikimlilia njia nzima, kwenda na kurudi. Akamkuta Pongo amelala, amelizungushia yai ubavu wake wa madoa. Akaligusa. Lilikuwa na joto.

Basi, woga huingia bila hodi. Hukumu haitoki mpaka uitoe mwenyewe. Tazama kwanza.

Ngano imetua. Iliyo njema ni yenu; iliyo mbaya mpelekeeni Nguchiro.