Majivu ya Bi Kindi

Fumbeni macho kidogo, wanangu. Oneni kibanda kidogo, mvua ikigonga paa ta-ta-ta, na katikati yake mafiga matatu yenye rundo la majivu. Majivu meupe, yametulia. Ukiyatazama utasema moto ulikufa zamani.

Hapo kale, wanyama walipokuwa bado wanapika na kulala chini ya paa, kibanda hicho kilikuwa cha Bi Kindi na binti yake, Tunu.

Bi Kindi alikuwa na mazoea yake. Sabuni aliikata vipande, akavianika kivulini mpaka vikakauka, visiyeyuke upesi. Kuni alizipasua nyembamba. Akisha kupika hakumwagia moto maji. Aliyakusanya makaa, akayafunika kwa majivu, na asubuhi akayafukua yangali mekundu. Na kila alipopima unga wa uji, kiganja kimoja alikirudisha kwenye mtungi uliokaa darini.

"Mama, hicho kiganja si changu?" Tunu aliuliza.

"Ni chako. Utakila masika."

Jirani yao, Bwana Fisi, alicheka mpaka akashika mbavu. Kwake magogo mazima yaliwaka mchana kutwa, na sabuni ilisahauliwa ndani ya beseni la maji. Moto ukimchosha aliumwagia ndoo nzima, shaa.

"Bi Kindi, hata moshi unaupima kwa kijiko?"

"Nikipata kijiko chake nitaupima, jirani."

Masika yakaja, yakakataa kuondoka. Mahindi yakaozea shambani. Kuni zikaota uyoga. Ghala la Fisi likaisha kabla ya maghala yote, naye akaanza kutembelea majirani. Hakupiga hodi. Kwa Nguchiro alichukua gunia la mwisho, na Nguchiro alipomshika mkono, alimtupa ukutani. Haukupita muda, watoto wa Nguchiro wakafa njaa, wakazikwa nyuma ya nyumba, katika udongo uliojaa maji.

Bi Kindi alikwenda kuzika. Aliporudi aliufunua mtungi. Unga uliokuwamo ungewafikisha siku ya jua kutoka, basi. Ungechukuliwa, Tunu naye angelala kando ya wale watoto.

Asubuhi moja akasikia nyayo topeni, chubwi, chubwi.

"Tunu, panda darini. Kaa kando ya mtungi, usikohoe."

Mlango ukasukumwa, kraa.

"Nasikia una akiba," Fisi alisema. Macho yake yalikuwa yamezama kichwani.

"Akiba gani, bwana? Tazama mbavu zangu."

"Nguchiro naye alisema hivyo hivyo." Akanusa huku na huku. "Binti yako yuko wapi?"

Bi Kindi akatupa jicho kwenye majivu, kisha akaliondoa haraka, kama mtu aliyejisaliti.

Fisi aliliona. "Ahaa. Umefukia humo."

"Usiguse, nakusihi. Ni unga kidogo tu, nimeuficha wadudu wasiuone. Chota kiganja kimoja, bwana. Uniachie cha mtoto."

"Kiganja? Mimi nilizaliwa na mdomo, sikuzaliwa na kijiko."

Kwa Fisi, majivu meupe yalikuwa moto wa jana. Maishani mwake hakuwahi kufunika kaa hata moja. Laiti angechota kiganja, angeungua kucha tu. Yeye alitumbukiza mikono yote miwili, na pua, na mdomo wazi.

Tsssss.

Sauti aliyoitoa, wanangu, sitaiiga. Alitoka mbio mvuani, akijigonga kwenye miti.

Bi Kindi akapiga magoti. Makaa yalikuwa yametawanyika, mengi yamezimikia kwenye tope la nyayo. Alipapasa mpaka akapata moja lenye jicho jekundu. Akalipuliza. Likaitika.

Jioni alimpelekea Nguchiro moto juu ya kigae, na kiganja cha unga katika jani.

Nguchiro aliutazama unga ule. "Wangu hawapo tena, dada."

"Najua. Kula wewe."

Maji yalipopungua, Nguchiro alimkuta Fisi bondeni, amekufa. Tangu siku ya majivu, mdomo ule haukutafuna kitu tena. Alibaki ngozi na mifupa. Nguchiro hakucheka, wala hakulia. Alichimba shimo, si mbali na yale mengine madogo, akamfukia.

Anayemaliza chake chote leo, kesho huwa njaa ya jirani yake.

Nanyi wanangu, mkisahau mengine yote, nawaomba mkumbuke hili moja: kabla chungu hakijapanda mafigani, kiganja kimoja kirudi mtungini.