Ladu za Kashiben

Paukwa. Mbona kimya, mmejaza mihogo mdomoni? Paukwa tena.

Pakawa.

Afadhali. Basi zamani hizo, panya wakiongea na watu bila haya, palikuwa na mpishi wa hekalu la Wahindi, mjane, jina lake Kashiben. Hadithi yake wanaijua wengi, ila kuisimulia naiweza mimi tu.

Kashiben alimpikia Ganesh, mungu mwenye kichwa cha tembo, apendaye ladu, vile vidonge vitamu vya unga na sukari, kuliko kitu chochote. Na sharti ni moja: chakula cha mungu hakionjwi. Mungu kwanza, watu baadaye. Ukilamba kidole tu, umeshakinajisi, kamwage sufuria nzima.

Mwaka huo wifi yake, Jamnaben, aliwaambia wazee, "Kashi amechoka. Ladu zikiharibika safari hii, jiko nipeni mimi." Wazee wakakubali. Na Kashiben hakuwa na kitu kingine duniani ila jiko lile.

Sikukuu ya Ganesh ikafika. Kwa wasiwasi wake akachota chumvi akidhani ni sukari. Panya, mnyama anayembeba Ganesh, alikuwa juu ya rafu akitazama.

"Mama, hiyo chumvi."

"Mwongo. Unataka nionje, nimwage, ule wewe."

Akaviringa ladu ya kwanza.

"Mama, hiyo chumvi."

"Kazi yako kumbeba Ganesh, si kumpikia."

Kengele ya hekalu ikalia.

"Mama, hiyo chumvi."

"Na wewe nenda kaoge, leo sikukuu."

Ladu zikawekwa mbele ya Ganesh, pazia likavutwa ale kwa nafasi yake. Lilipofunguliwa, zilikuwa prasadi, chakula kilichobarikiwa, cha kugawiwa watu. Na prasadi haikataliwi, haitemwi, haikunjiwi uso.

Mzee wa kwanza akatia mdomoni. Macho yakamtoka. "Tamu," akasema.

Wa pili akameza kama anameza jiwe. "Tamu sana."

Jamnaben akatafuna, akatafuna, machozi yanamchuruzika.

"Vipi, wifi?" akauliza Kashiben.

"Tamu, wifi. Ni imani tu imenishika."

Mwisho akala Kashiben mwenyewe. Akakaa chini, pwaa. "Jamani, nimemlisha mungu chumvi. Jiko mpeni Jamna."

Jamnaben akafungua mdomo, lakini kuhani wa hekalu akamtangulia.

"Ngojeni. Hapa watu wamesema tamu, mbele ya mungu. Aliyedanganya anyooshe mkono."

Wazee wakatazama dari. Jamnaben akatazama vidole vya miguu yake. Mkono haukunyooka hata mmoja.

"Basi zilikuwa tamu," akasema kuhani. "Kashiben, na kesho utatupikia."

Ganesh naye hakulalamika. Ila kuhani alipokwenda kuondoa vyombo, aliukuta mtungi wa maji uliowekwa umejaa mbele ya mungu, sasa ni mkavu, hauna hata tone.

Hadithi yangu naitua hapo. Anayebisha akamuulize panya.