Sola ya Kijiji Juu ya Paa la Fisi

Paukwa!

— Pakawa!

Kaeni vizuri. Wewe, toa kidole puani.

Zamani wanyama walipokuwa bado wanafanya vikao, kijiji cha Bi Kanga kilipata sola moja. Wote waliibeba kupanda mlima hadi kijijini, isipokuwa Mwenyekiti Fisi. Yeye alisimamia. Walipofika akasema, "Ifungwe kwangu. Paa langu liko karibu na jua."

Wakapiga makofi.

— Wajinga!

Hata nyinyi mngepiga.

Basi kwa Fisi taa ikawaka mpaka chooni. Kwa Bi Kanga kibatari kikafuka moshi, na kifaranga wake akakohoa, koho koho, hata kula akashindwa.

Bi Kanga akaenda kwa Fisi. "Shikamoo, mwenyekiti. Naomba waya, mwanangu anakohoa."

"Marahaba. Nyumba yako ya nyasi, mama. Umeme utateleza."

Bi Kanga akarudi, akakandika udongo. Kifaranga, koho koho.

Akaenda tena. "Nimekandika, mwenyekiti."

"Kuta bado mbichi. Umeme utashikwa na mafua."

Akarudi. Koho koho.

Mara ya tatu hakuomba. Alisimama nje kwa Fisi tangu asubuhi, akiikodolea macho sola. Majirani wakaja, nao wakakodoa. Fisi akaingiwa na hofu. "Hawa wananimalizia jua kwa macho." Akapanda juu, akaifunika sola kwa blanketi.

— Sasa si haitapata jua?

Una akili kuliko mwenyekiti.

Jioni taa za Fisi zikagoma. Akajikongoja hadi kwa Bi Kanga. "Jirani, niazime kibatari."

"Ingia, tutumie wote."

Fisi akaketi. Moshi ukamwingia puani, machoni, kooni. Koho koho. Kifaranga akamwitikia, koho koho.

"Mnaishije humu?" akauliza Fisi.

"Hivi hivi. Taa zako najua dawa yake. Ila sola ihamie kisimani, kila nyumba ivute waya."

"Na mimi?"

"Na wewe. Utapanga foleni."

Fisi akakohoa tena, akakubali.

Kesho yake wakaihamisha, Bi Kanga akatupa blanketi kando. Waya ukaanzia kwenye nyumba zenye wanaokohoa. Kifaranga akapona, akala, akaanza kugombana na ndugu zake usiku kucha, na taa inawaka.

Jueni hivi: kitu cha wote msikifunge juu ya paa la mmoja, hata akiitwa mwenyekiti.

Hadithi imekwisha. Nendeni mkaoshe miguu.