Kiti Kimoja cha Dodoma

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni wiki iliyopita, ila kwa mtu anayevuta mkokoteni wiki iliyopita ni mbali sana, waliingia mtaani kwetu Pakacha wanafunzi watatu wa chuo cha kupanga miji. Sogeeni hapa, kahawa isipoe. Hii sikuhadithiwa na mtu. Nilikuwemo, tena katikati.

Mnanijua mimi Chande. Mwaka wa ishirini na sita huu navuta mkokoteni Pakacha, na uchochoro nisioujua mimi haujazaliwa. Nimewahi kuhamisha nyumba nzima wenyewe wamelala ndani, wakaamkia Mbagala. Kwa hiyo wale watoto walipouliza nani awaonyeshe njia, mtaa mzima ulinyoosha kidole kimoja.

Wa kwanza Mbonea, Mpare, mrefu, mkimya, kompyuta haimtoki begani. Wa pili Shemsa, binti wa Tanga, anaamkia mpaka paka. Wa tatu Tulinagwe, binti wa Tukuyu, mwenyekiti wa klabu yao ya pale chuoni, wale wanaomaliza masomo ya darasani halafu wanatoka kwenda kuuona mji wenyewe kwa macho. Wote mwaka wa mwisho. Wote hawana mjomba kwenye ofisi yoyote.

Tulinagwe akaniambia, "Baba Chande, darasani wanatufundisha kupanga mji. Kazi lakini inapatikana kwa kujuana, na sisi hatujuani na mtu."

Huyo binti alikuwa ameandika barua kumi na tisa kwa Mama Mwasomola. Huyu mama ni mpanga miji wa siku nyingi, akitaja barabara, barabara inaitika. Barua hazikujibiwa. Tulinagwe akaenda kukaa mapokezi ya ofisi yake siku kumi na moja, na chupa yake ya uji, mpaka mlinzi akadhani ameajiriwa. Siku ya kumi na mbili Mama Mwasomola akatoka mwenyewe, akamwambia, "Haya, mwanangu, nipeleke huko unakotaka."

Akaja naye Pakacha. Mama akasimama barabara kubwa, akasema, "Mwaka jana hapa iliungua nyumba, gari la zimamoto likabaki barabarani kwa kukosa njia. Nataka ramani inionyeshe gari litapita wapi bila kubomoa nyumba ya mtu. Nikiipenda, nina kiti kimoja cha mwanafunzi kwenye mkutano wa wapanga miji Dodoma. Atakayekikalia atakula meza moja na mimi na wale wanaoajiri. Kimoja. Niliomba viwili, nikanyimwa."

Mama akaondoka, watoto wakaanza.

Mbonea akapanda juu ya ghorofa la Mpemba, akarusha droni. Jua la Pakacha mnalijua, mimi nimeshakaanga yai juu ya bati la mkokoteni. Yule kijana alikaa juu kule siku tatu, anapiga picha, anashuka, anachora, anapanda tena. Akachora kila paa, kila choo, kila mti. Hakuna aliyefanya kazi kumpita yeye, nikijitoa mimi.

Tulinagwe akazunguka kwa mjumbe, kwa serikali ya mtaa, kwa wenye nyumba, anaomba ruhusa ya kupima. Siku tatu.

Shemsa akapotea.

Nilijua alipo. Asubuhi ya kwanza alipita ule uchochoro wa kisimani akakuta turubai, msiba, mumewe Bi Mwanaidi amefariki. Mtoto wa watu akaona haya kupita na daftari mbele ya wafiwa. Akavua viatu, akatoa pole, akakaa. Wanawake wakampa kisu na beseni la vitunguu. Mimi napeleka viti na masufuria ya kukodi, namwona yupo. Siku ya pili yupo. Siku ya tatu yupo.

Jioni wakakutana kwa mama ntilie. Mbonea katandaza ramani. Shemsa anakuja, ananuka vitunguu kama sambusa.

"Siku tatu ulikuwa wapi?" Tulinagwe akauliza.

"Msibani."

"Unamjua marehemu?"

"Simjui."

"Basi sisi tunaungua na jua, mwenzetu anakula ubwabwa."

"Ulikuwa na chumvi kidogo," Shemsa akasema, akainamia ramani. "Kaka Mbonea, hii nyumba ya bati la buluu ni ya nani?"

"Sijui, lakini imeziba uchochoro wa kisimani. Imebidi barabara niipindishe hapa. Itaguswa nyumba moja tu, basi."

Shemsa alicheka mpaka akakaa chini. "Kaka, hilo ni turubai. Kesho linafunguliwa. Na hapa ulipopindisha ni jiko la Bi Mwanaidi. Kafiwa juzi, leo unambomolea."

Mbonea akawa kama kamwagiwa maji.

"Kule kwenye vitunguu nimeambiwa," Shemsa akaendelea. "Uchochoro ule haujengwi. Kila anayejenga pale anarudi nyuma hatua tatu, wa huku hatua tatu, wa kule hatua tatu, ili jeneza lipite na watu wakipokezana bila kukwangua ukuta. Ndivyo walivyokubaliana tangu mtaa unaanza. Hakuna karatasi. Wanajua tu."

"Maneno ya msibani hayo," Tulinagwe akasema. "Gari la zimamoto halipimwi kwa jeneza."

Hapo ndipo nikaingia mimi. Nikawaambia, subirini turubai lifunguliwe. Kesho yake nikachukua kabati la Bi Tausi la milango mitatu, nikalilaza likikingama juu ya mkokoteni, upana wake kama wa gari, zito kama tembo mwenye mimba. Nikavuta. Nikavuta kutoka barabara kubwa, nikavuta mbele ya nyumba ya Bi Mwanaidi, nikavuta mpaka kisimani. Halikugusa ukuta. Mbonea nyuma yangu na futikamba anapima, anaandika, uso umeanza kurudi rangi.

"Linapita," akasema. "Gari linapita, na nafasi inabaki."

Akakaa pale pale kisimani, akaichora upya ramani yote, hajala hajanywa. Adhuhuri ikakuta imekwisha, na hakuna nyumba hata moja iliyoguswa.

Basi jana Mama Mwasomola akarudi. Akaitazama ramani, akaizungusha, akatembea uchochoro mzima, akamsalimia Bi Mwanaidi. Akatoa fomu ya Dodoma. "Nimeipenda. Jina la nani?"

Mbonea akasema, "Mama, nilikosea mara moja, nikarekebisha mwenyewe. Kila mstari hapo ni mkono wangu. Bila mimi ungeshika nini sasa hivi?"

Shemsa akasema, "Ungeshika ramani inayobomoa jiko la mfiwa. Bila mimi barabara ingepita kwenye mafiga."

"Lakini hukwenda kule kwa ajili ya ramani," Mbonea akamwambia.

"Sikwenda. Ningekwenda na ramani, nani angenipa kisu?"

Tulinagwe akasema, "Barua kumi na tisa, mapokezi siku kumi na moja. Sikuchora, sikukata kitunguu. Lakini hicho kiti mnachogombania nani amekileta? Bila mimi mama huyu hamjui hata gari lake rangi gani."

Mama Mwasomola akacheka kwa furaha. Akasema, "Wote mna haki, na kiti ni kimoja. Mimi nikichagua, mtasema nimependelea. Hapa kuna mtu aliyewaona wote watatu." Akanigeukia. "Baba Chande, shika kalamu, andika jina."

Wazee wangu, mimi nimevuta simenti mifuko arobaini kupanda mlima na tairi moja haina upepo. Ile kalamu ilinishinda. Kwanza kuandika sijui, hilo si siri. La pili, nilinyanyua macho nikaona watoto watatu wananitazama, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ananichukia.

Nikasema, "Mama, nipe mpaka kesho, nitafute wa kuniandikia."

Akaniachia fomu. Hii hapa, nimeiweka ndani ya kofia isiloe jasho. Mama anarudi saa nne, na wale watoto wako kwa mama ntilie, wanakula sahani moja na kutaniana kama hawana neno.

Kalamu hii. Nyie mliosoma, semeni, na mmoja wenu aandike: yule aliyechora, yule aliyekaa msibani, au yule aliyekaa mapokezi?

Je, kiti cha Dodoma ni cha nani?